Picha Aliyonipa Bibi

Mtu akishajua kwamba mimi ni mgonjwa wa filamu, hakawii kuniuliza: "Haya, ipi bora kuliko zote?" Zamani nilikuwa nataja ya Kijapani au ya Kifaransa ili nionekane nimekwenda mbali. Siku hizi sijisumbui. Nasema Awara, picha la Kihindi la mwaka 1951. Anayetaka kucheka nampa nafasi acheke, halafu namwongezea kwamba niliipenda picha hiyo zaidi ya miaka 15 kabla sijaitia machoni.

Aliyenipa ni bibi yangu, mzaa mama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa tunaishi naye Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba yenye baraza mbele na umeme wa kubahatisha. Ukikatika tu, bibi anavuta mkeka. "Njoo hapa mume wangu, nikupe picha." Hakusema nikuhadithie, alisema nikupe. Na kweli alikuwa anakupa. Alianzia mahakamani: kijana yuko kizimbani, hakimu mkubwa kageuka shahidi, mwanasheria msichana anasimama kumhoji. Sauti zote tatu alizitoa yeye. Nyimbo aliziimba kwa maneno ya kujitungia, nusu Kiswahili nusu hewa, maana Kihindi alikuwa hana hata cha kuombea maji. Picha yenyewe aliiona ujanani, miaka ya 1950, ukumbi wa Majestic palepale Tanga. Lakini kwa jinsi alivyoieleza, ungedhani ametoka huko jana usiku.

Nimekuwa nikisoma historia ya sinema ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi sasa, na kila nikisoma namkumbuka yule bibi na mkeka wake. Historia hiyo kwa kawaida huandikwa kwa kuuliza nani alitengeneza filamu, kwa fedha za nani, na kwa lengo gani. Ni maswali mazuri. Ila kuna la nne ambalo huwa linaachwa mlangoni: aliyekaa kwenye kiti akatazama, alikuwa anafanya nini? Filamu zangu nne ninazozipenda nimezichagua kwa swali hilo.

Mbu mkubwa

Tuanze na jambo ambalo hata watu wa Tanga wengi hawalijui. Kule Vugiri, kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe, kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kituo cha kutengeneza filamu. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Waliousimamia ni Leslie Notcutt, aliyekuwa mtu wa mashamba hapa Afrika Mashariki, na Geoffrey Latham, aliyetoka kwenye elimu kule Rhodesia ya Kaskazini. Walitengeneza filamu fupi 35: za kilimo, za afya, za kodi, za kuweka akiba posta. Wakazipakia kwenye lori, wakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Picha zilikuwa bubu, na maneno yalitoka kwenye santuri zilizorekodiwa kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo.

Sina ugomvi na kilimo wala afya. Ugomvi wangu ni na dhana iliyokaa nyuma ya kamera. Wakubwa wa filamu za kikoloni waliamini kwamba Mwafrika hawezi kutazama picha kama watu wengine. William Sellers, aliyeanzia Nigeria kwenye filamu za afya na baadaye akaongoza kitengo cha filamu za makoloni kilichoundwa London mwaka 1939, alikuwa na kanuni zake: picha iende polepole, kitu kimoja kikae muda mrefu, usiruke kutoka mahali hadi mahali, usicheze na wakati, usilete mbinu za kamera. Ukivunja kanuni hizo, walisema, mtazamaji atapotea.

Ushahidi waliopenda kuusimulia ni kisa cha mbu. Eti wanakijiji walionyeshwa filamu ya malaria, mbu akakuzwa akajaa kitambaa kizima. Mwisho wa onyesho wakasema: kwetu hatuna shida hiyo, mbu wetu ni wadogo. Kisa hiki kilizunguka sana kwenye maandishi ya wakoloni kama dalili kwamba sisi hatuelewi.

Mimi nimezaliwa Tanga. Nikikisoma kisa hicho nasikia kitu kingine kabisa. Nasikia mzee wa barazani, kakalishwa chini saa nzima anafundishwa na mgeni kwamba mbu anauma, kisha anaulizwa ameelewa nini. Wewe ulitaka ajibuje? Kwa watu wanaotaniana hata msibani, jibu lile mbona ni utani wa kawaida tu. Siwezi kuthibitisha, lakini na wao hawakuthibitisha. Waliandika kicheko kwenye daftari la ujinga.

Awara

Sasa chukua kanuni zote za Sellers uzipeleke Majestic, jioni wanayoonyesha Awara.

Filamu hii aliiongoza Raj Kapoor, na yeye ndiye stelingi. Mwandishi wake mkuu ni K. A. Abbas. Inakwenda zaidi ya saa 2 na nusu. Inaanza karibu na mwisho, mahakamani, kisha inarudi nyuma zaidi ya miaka 20, mbele tena, nyuma tena. Katikati kuna ndoto ya karibu dakika 9, yenye mawingu, ngazi, masanamu makubwa na moto, ambayo haikuelezwi kwamba ni ndoto mpaka umeshazama ndani yake. Na yote ni kwa Kihindi. Kama kweli kulikuwa na filamu ya kumpoteza mtazamaji wa Tanga, ilikuwa hiyo.

Hakupotea. Awara ilipendwa mno Zanzibar na katika miji ya Tanganyika, kama ilivyopendwa Urusi, Uturuki na China. Mtafiti Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018 kuhusu watazamaji wa sinema wa Tanzania, ameonyesha jinsi watu walivyotoka ukumbini wakaendelea kuzijadili picha za Kihindi majumbani na mitaani. Bibi hakuhitaji mtafiti amwambie hilo. Yeye alikuwa ameelewa hoja ya filamu kuliko wanafunzi wengi wa chuo niliowahi kukaa nao.

Hoja yenyewe ni hii. Jaji Raghunath anaamini damu: mtoto wa mwema huwa mwema, mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo alimfunga Jagga kwa kosa ambalo hakulitenda, kwa sababu tu baba yake alikuwa mhalifu. Jagga akitoka jela anaamua kulipiza. Anamteka Leela, mke wa jaji, lakini akigundua ni mjamzito anamrudisha na kuuacha umbea ufanye kazi yake. Na umbea unaifanya. Jaji anamshuku mkewe, anamfukuza usiku wa mvua, na mtoto anazaliwa barabarani. Mtoto huyo, Raj, anakulia kwenye vibanda vya Bombay, anaiba mkate kwa sababu mama yake ana njaa, anafungwa, anakua mikononi mwa Jagga. Ndiye anayesimama kizimbani kwa kutaka kumuua jaji, yaani kutaka kumuua baba yake. Anayemtetea ni Rita, Nargis yule, aliyelelewa na jaji huyohuyo.

Kuna jambo linanifurahisha kila mara. Aliyecheza jaji ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor. Aliyecheza Raj mtoto ni Shashi Kapoor, mdogo wake. Filamu inayobisha kwamba damu si hatima imechezwa na ukoo mmoja! Bibi hayo hakuyajua, lakini alikuwa akifika pale jaji anapomfungia mkewe mlango anasimama, ananyamaza, halafu anasema: "Kasikiliza maneno ya watu." Basi. Dakika nzima bila neno. Sisi watoto tulidhani ni mbwembwe za msimuliaji.

Si kwamba alikuwa anameza kila kitu. Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, ile ambayo dunia nzima iliipigia makofi, aliikataa. Nargis yuleyule humo ni mama mkulima ambaye mwishowe anampiga risasi mwanawe Birju ili kulinda heshima ya kijiji. Bibi alisema: "Picha nzuri, ila uongo. Mama hamuui mwana kwa sababu ya kijiji. Kijiji kilimzalia?" Nimesoma uchambuzi mwingi wa filamu ile, na mpaka leo sijapata swali linaloibana kama hilo.

Muhogo Mchungu

Ya pili kwenye orodha yangu sijaitazama. Nimesimuliwa tu, na sioni aibu kuitaja, kwa sababu hata Awara niliipenda kwa kusimuliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili. Muhogo Mchungu ni mojawapo: mshamba anaingia Dar es Salaam kwa mara ya kwanza na wajanja wa mjini wanamliza. Utaona mara moja wakubwa walitaka tujifunze nini: kaeni shamba, mjini si kwenu. Ni mbu mkubwa yuleyule, safari hii kavaa kanzu.

Lakini tazama waliyemchagua kuwa stelingi. Kijana mtumishi wa serikali, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Aliyecheza kwenye filamu ya kuwafundisha watu wasihangaike na mji aliingia mjini akawa kiongozi wa wafanyakazi, akasimama na TANU, na Januari 1962 Nyerere alipoachia uwaziri mkuu, Kawawa ndiye aliyeshika. Mimi napenda kuwawazia watu waliokuwa wamekaa chini mbele ya gari la sinema wakimcheka yule mshamba, na miaka 10 baadaye wakamsikia redioni akiwa Waziri Mkuu wao. Nani alikuwa anamfundisha nani?

Kutoka ukumbi hadi banda

Kumbi zenyewe zimekwisha, karibu zote. Sababu zinajulikana: mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania, ambayo baadaye ikashika uingizaji wa filamu kutoka nje, miaka ya 1980 fedha za kigeni zikawa adimu, deki za video zikaingia majumbani, na mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara. Ile drive-in ya Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1966, ambako watu walikwenda na familia nzima na sufuria za chakula, uwanja wake leo uko ndani ya ukuta wa ubalozi wa Marekani.

Ninayoijua mimi kwa miguu yangu ni mabanda ya video. Mabenchi ya mbao, magunia ukutani, jasho, na sauti ya mtafsiri. Lufufu! Waliokulia Tanzania wa umri wangu wakisikia jina hilo wanatabasamu. Alikuwa anachukua filamu ya Hong Kong au ya Marekani na kuijaza Kiswahili chake: anawapa watu majina, anaongeza utani, anaonya stelingi asiingie mlango ule. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana watu wao. Wasomi wengine huiona kazi hiyo kama kuharibu filamu za watu. Mimi niliposikia Lufufu kwa mara ya kwanza nilisema, ah, kumbe na huyu alikuwa na bibi.

Maangamizi

Ya tatu ni filamu ya kwetu inayomwamini mtazamaji kwa njia tofauti, kwa kunyamaza. Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ndiyo ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, mwaka 2001. Daktari wa akili kutoka Marekani, Asira, mwanamke mweusi anayechezwa na BarbaraO, anafika hospitali ya Tanzania na kumkuta mgonjwa asiyesema neno kwa miaka 20. Mgonjwa huyo anaitwa Samehe. Anayemtembelea Samehe, ambaye wengine hawamwoni, ni mhenga mwenye jina la Maangamizi.

Samehe anachezwa na Amandina Lihamba, profesa wetu wa sanaa za maonyesho pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye mwaka 1985 alikuwa Mariamu kwenye Arusi ya Mariamu. Kumcheza mtu asiyesema ni kazi ngumu kuliko kuhutubia, na yeye anaifanya kwa shingo na macho. Filamu ina kasoro zake: mazungumzo ya madaktari yanakuwa mazito kama mhadhara, na muziki mara nyingine unatuambia tulie kabla hatujataka. Lakini haikuelezi mhenga ni nini. Inamleta tu, anakaa, na wewe mwenyewe unajua au hujui. Mtu wa Vugiri angeweka santuri hapo ya kutoa maelezo.

Vuta N'kuvute

Ya nne wapenzi wa vitabu mnaijua kabla ya kuiona. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilichapishwa mwaka 1999, na wengi waliipitia kidato cha tano na sita, wakikariri wahusika kwa ajili ya mtihani. Amil Shivji aliigeuza filamu iliyoonyeshwa kwanza Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 ikawa ya pili kutoka Tanzania kupelekwa kuwania Oscar, baada ya miaka 21 ya ukimya.

Ni Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mwenye umri wa kumzaa, anatoroka. Denge anapigania uhuru, polisi wanamfuata. Kati yao kuna Mwajuma, nyumba yake, taarabu na kicheko. Nitasema wazi: kwenye kubadilisha riwaya kuwa filamu, Mwajuma amepunjwa. Kwenye kitabu unamsikia mpaka chumba cha pili, kwenye filamu wanamwacha aonekane mrembo. Kwa kweli kila kitu humo ni kizuri mno, hata kuta zilizochakaa zimepigwa picha kama za kalenda. Lakini Shivji amefanya jambo ambalo ningependa vijana wetu wa filamu waliige. Riwaya ya maneno mengi ameikata maneno, akatuachia mikono, milango, maji. Hakutafuta mtu wa kusimama pembeni na kutueleza ukoloni ni nini.

Na kila nikiitazama nawaza: mwaka huohuo ambao Yasmin wa hadithi anatoroka, kuna wasichana wa kweli, Unguja, Tanga, Dar, walikuwa wamekaa gizani wanamtazama Leela akifukuzwa nyumbani. Bila maandishi ya chini, bila mtafsiri.

Mwisho wa bibi

Bibi alifariki mwaka 2001. Awara niliipata miaka mitatu baadaye, CD ya kukodi, maandishi ya Kiingereza chini. Niliitazama peke yangu usiku kucha, nikasimamisha, nikarudisha. Nilishangaa jinsi alivyokuwa sahihi. Mkate ulikuwepo. Ndoto ilikuwepo, tena ngazi alikuwa amezieleza vizuri kuliko zilivyo. Mlango uliofungwa usiku wa mvua ulikuwepo.

Kitu kimoja hakikuwepo. Katika picha ya bibi, mwishoni jaji anakwenda hadi kibanda cha Leela, anapiga magoti mlangoni, anaomba radhi mbele ya majirani walewale waliosema maneno. Leela anamtazama, hamjibu, anaendelea kupepeta mchele. Kwenye filamu Leela anakufa kabla ya hukumu, amegongwa na gari la jaji huyohuyo. Jaji anakwenda kweli kuomba radhi, lakini anakwenda jela, kwa mwanawe. Hakuna majirani. Hakuna mchele.

Nilidhani kumbukumbu ilimpotea bibi, ni kawaida baada ya miaka 30 na zaidi. Nikampigia simu mama, nikamweleza kama mzaha. Mama hakucheka. Akaniambia kitu ambacho nilikuwa sijawahi kuambiwa: bibi alirudishwa kwao akiwa na mimba ya mama yangu, kwa maneno ya watu. Talaka ililetwa na mtoto wa jirani, kwenye bahasha. Mama alizaliwa miezi minne baadaye, nyumba ileile ya Ngamiani. Mimi siku zote nilijua tu kwamba babu "alikuwa Mombasa".

"Na akaja kuomba radhi?" nikamuuliza.

"Hakuja," mama akasema.

Tukanyamaza wote wawili. Halafu akauliza kama hiyo CD inaweza kuchezwa kwenye deki yake.

Sijui Sellers angeiandikaje habari hii kwenye ripoti yake. Pengine angesema: mtazamaji hakuelewa mwisho wa filamu. Mimi nimeitazama Awara mara nyingi tangu wakati ule na bado naiona filamu kubwa, yenye kamera inayojua kuhurumia. Lakini sasa nina binti, umeme kwetu bado unakatika, na yeye hajaitazama. Ninapomhadithia, jaji anakwenda hadi mlangoni na kupiga magoti, na Leela anaendelea kupepeta mchele.